Gegedu la Mama

Pale maabara walimwita Yaya, naye aliitika jina hilo bila kinyongo, maana kazi yake ilikuwa ulezi hasa. Watoto wake hawakuwa na miguu wala midomo. Walikuwa seli, vitu vidogo mno visivyoonekana ila kwa hadubini, na waliishi ndani ya chupa bapa zilizolazwa kwenye kabati lenye joto lile lile la mwili wa binadamu. Yaya aliwalisha maji ya lishe yenye rangi ya waridi, akawabadilishia yalipochafuka, akawachungulia asubuhi akiingia na jioni akitoka. Wenzake walishawahi kumfuma akiziambia seli pole. Walicheka wakachoka, wakamwacha.

Seli zenyewe zilitoka magotini mwa watu. Ndani ya goti mna gegedu, kitu cheupe, laini, chenye kung'aa, ambacho kazi yake ni kuzuia mfupa usisagane na mfupa mwenzake. Nywele zikikatwa huota. Kucha huota. Ngozi ikichunika hujirudi. Gegedu likishalika limelika, halina habari na wewe tena. Hapo mtu anabaki anatembea mfupa juu ya mfupa, na dawa anazopewa ni za kumdanganya maumivu tu, mpaka siku atakapokatwa goti zima na kutiwa la chuma, kama ana mwili wa kulistahimili.

Daktari mkuu wa maabara ile, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, alikuwa amemaliza ujana wake akitafuta namna ya kulifanya gegedu liote upya. Njia yake ukiisikia unaiona nyepesi. Alichonga kipande kama punje ya haragwe pembeni mwa goti la mgonjwa, mahali pasipobeba uzito. Seli zikatolewa humo, zikalelewa, zikaongezeka, kisha zikapandwa kwenye kitambaa kinene mfano wa sponji. Seli zikishajenga gegedu changa mle ndani, kitambaa kinarudishwa gotini kwa mwenyewe, kinabandikwa penye kidonda. Wagonjwa wachache walikuwa wameshabandikiwa, na baadhi yao walitembea vizuri kiasi cha kumfanya hata daktari mkuu atabasamu, jambo ambalo halikutokea hivi hivi.

Ila seli za gegedu zina tabia moja mbaya: husahau. Zikijaza sakafu ya chupa, lazima uzibandue uzihamishie kwenye chupa kubwa zaidi, na kila unapozihamisha zinaongezeka, lakini kila unapozihamisha zinapotewa kidogo na kumbukumbu ya kwao. Seli ya gegedu yenyewe ni duara, imetulia kama mtu aliyeshiba. Ikihamishwa mno inaanza kurefuka, inakuwa kama uzi, na mwishowe haijengi gegedu tena bali kovu. Kwa hiyo pale palikuwa na sheria isiyojadiliwa. Seli huhamishwa mara mbili, basi. Zikiwa nyingi, vizuri. Zikiwa chache, unabandika hicho hicho kichache ulichojaliwa.

Yaya aliijua sheria hiyo kama anavyolijua jina lake. Yeye ndiye aliyewafundisha wageni.

Sasa mama yake. Mama yake alikuwa mpeleka barua. Maisha yake yote alitembea na mkoba begani, na hakuna mtaa katika mji ule ambao hakujua mageti yake, mbwa wake na watu wake wasiopenda kufungua. Alistaafu akiwa na magoti yaliyokwisha, na ugonjwa ukamkuta anaishi na bintiye ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Mwanzoni alishuka kwa kukamata chuma cha ngazi. Baadaye alishuka kwa kukalia ngazi moja moja kama mtoto. Baadaye hakushuka tena. Goti la kushoto lilikuwa na nafuu yake, la kulia lilikuwa msiba. Goti la chuma hakuweza kutiwa, maana moyo wake ulikuwa dhaifu na madaktari wa moyo walikataa katakata alazwe usingizi kwa upasuaji mrefu. Kubandika kitambaa kulikuwa kazi fupi, miguu tu ndiyo inayotiwa ganzi. Daktari mkuu alimpima, akampindua goti huku na huko, akasema anafaa.

Siku ile ya kuchongwa, Yaya alimbeba mama yake kwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu utotoni. Si kumbeba kwa maneno tu. Alimbeba mgongoni, akashuka naye ngazi zote, na mama akawa anamtania njiani kwamba farasi huyu anahema kama jogoo mwenye mafua.

Kwa kawaida chupa pale zilikuwa na namba tu, bila jina, ili anayelea asijue anamlelea nani. Lakini wiki ile alichongwa mtu mmoja peke yake, hivyo siri hiyo ilikuwa ya kuku na yai lake, akilitaga anatangaza. Daktari mkuu alisema chupa zile azihudumie Kioo, kijana aliyeitwa hivyo kwa kushinda jicho lake likiwa kwenye hadubini. Kioo akazihudumia kwa muda mfupi tu. Kisha akaja kwa Yaya akijikuna shingo, akasema:

“Dada, mimi mikono yangu ni ya kubebea matofali. Hizi ni za mama yako. Zikifa mikononi mwangu nitakutazama vipi usoni?”

Yaya hakungoja kubembelezwa. Daktari mkuu aliona mabadiliko hayo, akapita kimya.

Seli za mama zilikuwa nzito kuongezeka. Si ajabu, zilikuwa seli za mtu mzima, na kile kipande kilichochongwa kilikuwa kidogo na chembamba. Nyingine kwenye kabati lile zilijaza chupa zao haraka kama watu wanavyojaa kwenye foleni ya maji. Za mama zilikaa mbali mbali, moja huku, moja kule, kama watu walionuniana. Yaya alizihamisha mara ya kwanza. Akazihamisha mara ya pili. Akazihesabu kwa namna yao ya kuhesabu, akaenda kwa daktari mkuu na uso wa mtu aliyeambiwa habari za hospitali.

Daktari alipiga hesabu zake akasema kitambaa kitakachopatikana kitaziba kama nusu ya kidonda. Yaya akauliza nusu maana yake nini.

“Maana yake maumivu yatapungua. Atatembea ndani ya nyumba bila kushikwa.”

“Na ngazi?”

“Ngazi hapana.”

Ndivyo ilivyosemwa, na katika maneno yote yale Yaya alitoka na mawili ya mwisho. Daktari alisafiri siku iliyofuata kwenda kwenye mkutano wa mabingwa wenzake, akaacha maagizo kwamba seli zile zipandwe kwenye kitambaa kama zilivyo.

Yaya alikaa mbele ya chupa zile akiwa amevaa glavu, kitambaa kimewekwa tayari. Alimwona mama yake akiwa na mkoba wake wa zamani, akipita mtaani, akiita watu kwa majina juu ya kuta. Alimwona akirudi na vumbi miguuni na habari za mji mzima. Alitaka kumrudishia mji huo. Akajiambia kwamba si kila seli husahau. Nyingine, hata zikihamishwa sana, zikirudishwa mahali pa kwao zinakumbuka. Hilo lilikuwa limeandikwa na watu wenye akili zao, na yeye mwenyewe alishaliona mara moja au mbili. Akajiambia kwamba hizi zilikuwa hazijafanya kazi kubwa, zilikuwa na nguvu zao bado. Mtu akitaka kujidanganya hakosi wa kumsaidia. Akazibandua, akazihamisha mara ya tatu.

Na ajabu ni kwamba zilichangamka. Zile seli zilizokuwa zikivuta miguu zilianza kuongezeka kwa fujo, sakafu ya chupa ikajaa, ikafurika. Yaya alirudi nyumbani akiimba kwenye ngazi. Mama akamuuliza kama amepata mchumba. Akasema amepata zaidi ya hapo. Alimkalisha mama yake kwenye kigoda bafuni, kama alivyofanya kila siku, akamsugua mgongo, akamwambia kwamba atatembea hadi aombe kupumzika. Mama alicheka. Halafu akasema mbona anamsugua kama sufuria, taratibu.

Kioo ndiye aliyeona kwanza. Aliweka jicho kwenye hadubini, akauliza seli hizi zimehamishwa mara ngapi, maana anaziona zimenyooka. Yaya akasema mara mbili. Akaongeza kwamba zimetanuka kwa sababu zina nafasi. Kioo akamtazama, akarudisha jicho lake kwenye kioo, akasema sawa dada. Hakuuliza tena, na huenda hilo ndilo lililomuuma Yaya zaidi baadaye, kwamba aliaminiwa.

Zilipandwa kwenye kitambaa. Kitambaa kilikuwa kikubwa, kinatosha kidonda chote na ziada. Daktari mkuu alirudi, akakiona, akainua nyusi, akasema seli zimekuwa na bahati. Siku ya kubandika ikapangwa.

Kipimo cha mwisho kilifanywa kwa ukingo wa kitambaa. Hukatwa utepe mwembamba, ukatiwa rangi, na palipo na gegedu la kweli hushika rangi ile pakawa pekundu sana. Pasipo gegedu hupauka. Utepe wa mama ulitiwa rangi mama akiwa tayari amelazwa wodini, ameshanyolewa goti, ameshazuiliwa kula. Asubuhi daktari mkuu aliutazama. Akauondoa, akausafisha, akautazama tena. Kisha akamwita Yaya, akampisha kiti.

Yaya aliinama akatazama. Palikuwa peupe. Si pembeni tu, si hapa na pale. Peupe pote kama shuka la hospitali, na ndani ya weupe huo seli ndefu ndefu zimelaliana, zimesuka kovu zuri, la kupendeza kabisa, mahali palipotakiwa gegedu.

“Mara ngapi?” daktari aliuliza.

“Tatu.”

Daktari mkuu hakupaza sauti. Alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la koti, ingawa haikuwa na kitu.

“Nilijua ni za mama yako,” akasema. “Nilijua Kioo amekuachia. Nikajiambia hakuna atakayezitunza kama wewe.” Akavaa miwani. “Hiki siwezi kukibandika. Kovu ndani ya goti litamzidishia.”

Yaya akauliza kuhusu kuchonga tena. Aliuliza akijua. Kanuni za utafiti ule zilisema mtu huchongwa mara moja tu, na hata kama zingeruhusu, pembeni mwa goti la mama hapakuwa na cha kuchonga tena. Pale palipochongwa ndipo palipokuwa pa mwisho pazuri. Daktari alimweleza hayo yote polepole, kama anavyomweleza mgonjwa. Kisha akasema kuna mtu anangoja wodini na hajala, na lazima aambiwe. Je, aende yeye?

Yaya akasema ataenda mwenyewe.

Mama alikuwa amekaa kitandani, mguu umenyooshwa, goti limechorwa kwa kalamu ya bluu mishale na mduara. Alikuwa katikati ya kumchekesha muuguzi. Alipomwona bintiye akamwonyesha goti.

“Umeona? Wamenibandika anwani. Sasa nisipofika, uzembe ni wa posta.”

Muuguzi akacheka, akatoka. Yaya akavuta kiti, akakaa, akamshika mama mguu, mahali pasipochorwa. Alikuwa ameandaa maneno njiani na mengi yalimkimbia. Akayasema yaliyobaki. Kwamba kitambaa kimeharibika. Kwamba hakitabandikwa, leo wala siku nyingine. Kwamba kilichokiharibu ni yeye, si mashine wala uzee wa seli. Seli zilikuwa chache, akazilazimisha ziwe nyingi, zikasahau zilivyokuwa.

Mama alisikiliza kwa utulivu wa mtu aliyezoea kupeleka habari mbaya kwenye nyumba za watu na kusimama mlangoni wakizifungua. Kisha akauliza swali moja ambalo Yaya hakulitegemea.

“Zile chache zingenifikisha wapi?”

“Si mbali, mama. Daktari alisema ngazi zisingewezekana.”

“Sijakuuliza zisingenifikisha wapi.”

“Ndani ya nyumba. Jikoni. Dirishani.”

“Na bafuni?”

“Na bafuni.”

“Peke yangu? Bila kushikwa?”

Yaya akaitikia kwa kichwa.

Mama aliugeuza uso wake ukutani. Kule nje ya mlango kitoroli cha chai kilipita, kikarudi. Aliposema, alisema bila kugeuka, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anauliza bei.

“Nani alikuambia mimi nataka barabara? Barabara nilizitembea nikazichoka. Mimi nilitaka kuoga mwenyewe, nife nikiwa nimejisitiri.”

“Hukuniambia, mama.”

“Hukuniuliza.”

Yaya alichukua taulo dogo, akalilowesha, akaanza kulifuta goti lile michoro ya kalamu. Wino wa hospitali hautoki upesi. Alifuta ngozi ikawa nyekundu na mishale bado inaonekana, mpaka mama akamwambia aache, anamuumiza.

Maabara hawakumfukuza. Daktari mkuu aliandika taarifa kama ilivyotakiwa, bila kumwongezea wala kumpunguzia, na Yaya akatolewa kwenye chumba cha malezi, akapelekwa upande wa kuosha vyombo na kuvichemsha. Kioo alikabidhiwa ufunguo wa chumba. Alikuja kumwambia Yaya kwamba anaona haya kuchukua kazi yake. Yaya akamwambia achukue, na azihamishe mara mbili tu. Kioo akasema anajua. Wote wawili wakaangalia chini. Jina la Yaya lilikufa polepole, maana nani amwite yaya mtu anayeosha chupa tupu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile ile jioni mama alirudishwa nyumbani. Hakukubali mgongo wa bintiye. Alisema hapana, mara moja, na Yaya hakurudia ombi. Ikabidi abebwe na majirani: fundi bomba wa ghorofa ya pili na mlinzi wa jengo, kiti cha plastiki katikati, mama juu yake amekumbatia mkoba wake wa nguo. Yaya alifuata nyuma, mikono mitupu.

Walipofika ghorofa ya pili wakatua kupumzika. Mke wa fundi bomba akatoka mlangoni, akifuta mikono, na uso umejaa matumaini, kwa sababu jengo zima lilikuwa na habari za goti lile. Akauliza vipi, wamembandika? Yaya alifungua mdomo aseme. Alikuwa amepiga moyo konde kusema popote atakapoulizwa. Mama akamtangulia.

“Zimekataa,” akasema. “Seli za kizee, dada, zitaota nini? Wamejitahidi wee, zimekataa.”

Mke wa fundi bomba akampa pole. Fundi bomba naye akampa pole, akasema hata bomba likishachakaa sana halishiki tena, na mama akamcheka akasema asante kwa kumwita bomba. Akawahimiza wambebe, wasije wakalala hapo. Njia nzima iliyobaki aliwatania kwamba wanambeba kama mzigo usiolipiwa stempu.

Wakamweka sebuleni, wakaaga, mlango ukafungwa. Utani ukaisha hapo hapo, kama taa iliyozimwa. Mama alikaa akiutazama mguu wake.

“Hukupaswa kusema vile,” Yaya akasema. “Mimi ndiye.”

“Watu wasikuseme. Unaishi nao.” Kisha akaongeza: “Mimi na wewe tunajua. Inatosha.”

Yaya alitamani mama angempiga kofi. Alikwenda bafuni, akachota maji, akayachanganya ya moto na ya baridi, akaweka kigoda, sabuni, taulo na kata. Akarudi, akamnyanyua mama kwapani kama kila siku, wakaenda hatua kwa hatua, goti likilia kwa ndani sauti ile ya kusaga ambayo sasa Yaya aliisikia vingine. Akamkalisha. Akaanza kumfungua vifungo.

Mama akamshika mkono, akautoa.

“Toka.”

“Mama, utaanguka.”

“Toka. Simama nje. Urudishe mlango.”

Akatoka. Akaurudisha mlango, akasimama mkono wake juu ya kitasa, sikio kwenye mbao. Alisikia nguo ikivuliwa kwa shida, ikianguka. Alisikia kata ikigonga ndoo. Maji yakamwagika, mengi sakafuni kuliko mwilini. Kigoda kikakwaruza, na mama akatoa mguno aliouuma katikati. Kisha kimya.

“Mama?”

Hakujibiwa. Vidole vyake vilikaza kitasa.

“Mama.”

“Nipo,” mama akasema kutoka ndani, sauti yake ikiwa na pumzi kidogo. “Usifungue.”

Yaya hakufungua. Alikaa sakafuni kwenye ukumbi, mgongo kwenye mlango, maji yakaanza kupenya chini ya mbao na kumlowesha nguo, naye akaendelea kusikiliza.